Historia Fupi ya Diski, na Jinsi Daftari Letu Lilivyopotea

Kamati ya Umoja wetu imeniomba niandike habari za seva iliyomo katika maktaba ya shule. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, vijana mlioko madarasani hivi sasa mnaiona mashine ile chini ya meza ya mtunza maktaba, ikivuma usiku na mchana, wala hamjaambiwa ilitoka wapi. Pili, kila mwaka tunapokutana wenzangu wa zamani huniuliza, "Bwana, daftari letu la wanafunzi liko wapi?" nami hujibu kwa mkato na kugeuza mazungumzo. Safari hii nitajibu. Lakini ili jibu langu lieleweke hapana budi nianze mbali, na mbali kwenyewe ni California, mwaka 1956.

Mwaka huo kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyoitwa 305 RAMAC, iliyobuniwa mjini San Jose na wahandisi walioongozwa na Reynold Johnson. Kabla ya hapo kompyuta zilihifadhi habari katika kadi zenye matundu na katika kanda za sumaku. Kanda ina udhia mmoja mkubwa: ukitaka jina lililo mwishoni huna budi kuipitisha kanda nzima mpaka ulifikie. Johnson na wenzake walitaka chombo ambacho mtu angeweza kukifungua popote, kama afunguavyo kitabu katikati. Wakapanga sahani 50 juu ya mhimili mmoja, kila sahani upana wa inchi 24, wakazipaka rangi yenye chembe za chuma ili zishike sumaku, wakazizungusha mara 1,200 kwa dakika. Mkono ulipanda na kushuka pembeni ukitafuta sahani inayotakiwa. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kadiri ya tani moja, nacho kilihifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo yaweza kukijaza.

Mwaka huo huo wa 1956 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Uingereza, na TANU ilikuwa na umri wa miaka miwili. Serikali yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vema, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo sisi tuliosoma hapa katika miaka ya 1970 tulimaliza kidato cha nne bila kuiona kompyuta hata kwa mbali. Majina yetu yaliandikwa kwa kalamu ya wino.

Na hapa ndipo daftari linapoingia. Vijana hamkuliona, kwa hiyo nitawaeleza. Yalikuwa madaftari makubwa manne yenye majalada ya kitambaa, yakihifadhiwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, kuanzia mwaka 1964 hadi 1991. Kila mwanafunzi alikuwa na mstari wake: namba ya kuandikishwa, jina, jina la mzazi, kijiji, shule ya msingi aliyotoka, bweni, tarehe ya kuingia na tarehe ya kuondoka. Pembeni palikuwa na nafasi ya maelezo, na baadhi ya walimu waliitumia vizuri sana. Nakumbuka kuna mwenzetu aliyeandikiwa "mpole, hodari wa hesabu, anakula sana." Mtu akipoteza cheti, au akitaka kuthibitisha umri wake kwa ajili ya kiinua mgongo, daftari lile ndilo lililokuwa shahidi wake.

Turudi kwenye diski. Hatua ya pili kubwa ilikuwa mwaka 1973, IBM walipotoa diski ya 3340. Walitaka mwanzoni iwe na sehemu mbili za megabaiti 30 kila moja, ndiyo sababu wakaipa jina la utani la bunduki, Winchester. Ubora wake ulikuwa katika kukifungia kichwa cha kusomea pamoja na sahani zake ndani ya sanduku moja lisiloingia vumbi. Kichwa hicho hakigusi sahani inapozunguka. Huelea juu yake kwa upepo unaotokana na mzunguko wenyewe, kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele kwa mara nyingi sana. Chembe moja ya vumbi katika nafasi hiyo ni kama jiwe barabarani mbele ya baiskeli iendayo kasi. Diski zote zinazozunguka mpaka leo zimejengwa kwa wazo hilo.

Kisha zikaanza kupungua umbo. Mwaka 1980 kampuni ya Alan Shugart, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Seagate, ilitoa diski ya ST-506 yenye megabaiti 5, ikiwa na ukubwa wa kuweza kuingia ndani ya kompyuta ya mezani. Uwezo ulikuwa karibu sawa na ule wa RAMAC, bali sasa mtu mmoja aliweza kuibeba kwa mkono. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ile iliyokuja kuigwa na dunia nzima, haikuwa na diski ngumu. Ndugu yake XT, ya mwaka 1983, ndiyo iliyokuja nayo, megabaiti 10. Katika miaka hiyo kuongeza diski ilikuwa kazi ya fundi hasa. Ulifunga kwanza kadi ya kuiongoza, ukavuta kebo mbili, kisha ukaiandalia sahani upya, ukiingiza kwa mkono orodha ya sehemu mbovu ambayo kiwanda kiliibandika juu ya diski kwa karatasi. Nafuu ilikuja katikati ya miaka ya 1980, akili ya kuiongoza diski ilipohamishiwa kwenye diski yenyewe. Mpango huo uliitwa IDE, nao ndio uliotuwezesha sisi mafundi wa vichochoroni kubadili diski kwa bisibisi moja na subira. Nyuma ya kila diski palikuwa na vikofia vidogo vya plastiki vya kuamua ipi ni bwana na ipi ni mtumwa. Majina hayo yalitoka kwa Wazungu, mimi sikuyabuni.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye mchezo. Kila aliyebadili diski katika miaka ya 1990 aliwahi kugonga ukuta: ananunua diski kubwa, anaifunga, nayo kompyuta inasema ni ndogo. Ukuta wa kwanza ulikuwa kwenye baiti 528,482,304. Namba hiyo ya ajabu ilizaliwa hivi. Bayosi, yaani programu ndogo inayoiamsha kompyuta, ilijengwa iweze kuhesabu njia 1,024, vichwa 256 na vipande 63 katika kila njia. Mpango wa IDE nao uliruhusu njia 65,536, vichwa 16 na vipande 255. Kila upande ulikuwa mkarimu kwa namna yake. IDE peke yake ingeweza kufika karibu gigabaiti 137. Lakini vilipokutanishwa, katika kila jambo kikashinda kilicho kidogo: njia 1,024, vichwa 16, vipande 63, na baiti 512 katika kila kipande. Zidisheni wenyewe muone. Ni kama kanzu iliyokatwa na mafundi wawili wasiosalimiana.

Ukuta huo ulibomolewa, ukaja mwingine wa gigabaiti 8.4, kisha mwingine wa gigabaiti 137, kwa sababu namba ya kila kipande ilipewa biti 28 tu. Mwaka 2002 kanuni mpya ilizifanya biti hizo kuwa 48. Uliofuata ulikuwa kwenye terabaiti 2.2, nao ulitokana na jinsi jedwali la mwanzoni mwa diski lilivyopangwa tangu mwaka 1983. Jambo linalonishangaza ni kwamba hakuna hata ukuta mmoja uliojengwa na mjinga. Kila mmoja ulijengwa na mhandisi hodari aliyekaa, akapiga hesabu, akaona kwamba kiasi hicho kitatosha.

Walichokosa kukitazamia ni kasi. Mwaka 1988 Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mtu peke yake, waligundua kwamba tabaka nyembamba sana za metali hubadili kwa kiasi kikubwa upinzani wake wa umeme zikiguswa na sumaku hata iliyo dhaifu. Miaka tisa baadaye vichwa vya diski vilikuwa vinatumia ugunduzi huo kusoma alama ndogo kuliko zilizowezekana zamani, na mwaka 2007 mabwana hao wawili walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka huo huo ilitoka diski ya kwanza ya mezani yenye terabaiti moja.

Sasa seva. Neno hili huwatisha watu bure. Seva ni kompyuta inayowahudumia wenzake: wao huomba, yenyewe hutoa. Haihitaji kuwa kubwa. Tovuti ya kwanza duniani ilihudumiwa na kompyuta moja ya mezani aina ya NeXT katika ofisi ya Tim Berners-Lee huko CERN, Geneva, nayo ilibandikwa karatasi yenye wino mwekundu ikiwaonya watu wasiizime. Mwaka 1991 kijana wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuitoa programu ya Linux bure, na muda mfupi baadaye Andrew Tridgell wa Canberra akaanza programu iliyokuja kuitwa Samba, inayoiwezesha mashine ya Linux kugawa mafaili kwa kompyuta za Windows. Wawili hao wamezisaidia shule maskini kuliko wanavyojua wenyewe. Kompyuta iliyotupwa na ofisi kwa kuwa nzito iliweza sasa kuwa seva ya darasa zima, bila kulipia leseni hata moja.

Hivyo ndivyo tulivyofanya hapa shuleni mwaka 2003. Umoja ulipata kompyuta kuukuu kumi na moja. Iliyokuwa na afya nzuri kuliko zote tuliifanya seva: Pentium III yenye diski ya gigabaiti 20. Nilikuja mwenyewe wakati wa likizo, nikaweka Linux na Samba, nikaipa anwani isiyobadilika, nikavuta waya mpaka ofisini na mpaka chumba cha kompyuta. Kazi ilichukua siku nne, na mbili kati ya hizo zilikwisha katika kutafuta waya mmoja uliokuwa umeumwa na panya.

Baada ya hapo likaja wazo zuri, nalo lilikuwa langu. Yale madaftari manne yalikuwa yameanza kuliwa na mchwa, na mvua ilikuwa imepita katika moja. Nikapendekeza yachapwe yote yaingie katika seva. Wanafunzi wa kidato cha tatu na vijana wawili waliokuwa wakingoja matokeo walifanya kazi hiyo kwa miezi saba, mstari kwa mstari, pamoja na maelezo ya pembeni. Ilikuwa kazi safi. Ilipokwisha, karani wa ofisi aliniuliza afanye nini na madaftari yenyewe, kwa kuwa mchwa walikuwa wakihamia katika mafaili mengine. Nikamjibu kwamba hayana kazi tena, maana yote yamo ndani ya mashine. Yakachomwa nyuma ya jiko la shule. Karani hakukosa; alitii neno la mtaalamu.

Mwaka 2008 diski ya gigabaiti 20 ilikuwa imejaa, tena ilikuwa imeanza kutoa mlio wa kugonga-gonga ambao kila fundi anaujua. Nikanunua ya gigabaiti 160. Bayosi ya kompyuta ile ilikomea gigabaiti 137, ule ukuta niliouelezea, lakini Linux haiitegemei bayosi ikishaamka, kwa hiyo sikujali. Nilifunga diski zote mbili, bwana na mtumwa, nikaandika amri ya kunakili kila kitu kutoka moja kwenda nyingine. Amri hiyo ni fupi. Ina sehemu ya kutaja chanzo na sehemu ya kutaja mwisho, na diski zenyewe hutofautiana kwa herufi moja tu. Haikuulizi kama una hakika. Niliibonyeza nikaenda kunywa chai kwa mlinzi.

Niliporudi baada ya kiasi cha nusu saa nilikuta maneno kwenye kioo yakisema kwamba nafasi imekwisha. Nilisimama pale nikiyatazama. Ndugu wasomaji, ukimimina debe moja katika pipa, pipa haliwezi kujaa. Nafasi ingekwisha kwa njia moja tu: kama nilikuwa nimelimimina pipa katika debe. Diski mpya, tupu, ilikuwa imenakiliwa juu ya ile ya zamani, sifuri juu ya sifuri, kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Mtu akifuta faili kwa kawaida, alama zake hubaki kwenye sahani na fundi huweza kuzifukua. Zikiandikwa sifuri juu yake, hakuna cha kufukua.

Hakukuwa na nakala nyingine. Nilikuwa nimewahi kuwaambia watu wengi waweke nakala.

Nilimwambia Mwalimu Mkuu siku ile ile. Aliyekuwapo wakati huo alikuwa mtu wa maneno machache. Aliuliza tu kama madaftari yenyewe bado yapo. Kwa muda mrefu baadaye nilijitetea moyoni kwamba laiti tungekuwa na diski mbili zinazoandikwa pamoja tungeokoka. Mpango huo, unaoitwa RAID, ulielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ni mpango mzuri: diski moja ikifa, ya pili inaendelea na kazi. Lakini ni kioo tu. Ukikosea, kioo nacho kinakosea pamoja nawe, sekunde ile ile. Seva yetu ya sasa inao, nami nimewaambia walimu wasiuhesabu kuwa nakala.

Kilichookoka kiliokoka kwa bahati. Mmoja wa vijana wale wawili waliochapa alikuwa ameondoka na kisahani laini, ile ya megabaiti 1.44, chenye sehemu aliyoichapa yeye, ili akawaonyeshe nyumbani kazi yake. Aliposikia habari alikirudisha. Kilisomeka kwa shida, lakini kilisomeka: miaka ya 1964 hadi 1971, kamili, na maelezo ya walimu pembeni. Kuanzia 1972 hadi 1991 hakuna kitu. Mimi mwenyewe nimo katika miaka hiyo isiyokuwapo.

Habari za baadaye ni fupi. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam na Mombasa kupitia baharini, na intaneti ikaanza kushuka bei, ingawa kwetu huku iliendelea kukatika kila mvua ikinyesha. Kwa sababu hiyo tulifuata mfano wa wale waliokuwa wamekwisha tambua kwamba shule isiyofikiwa na intaneti yaweza kuletewa diski, kama watu wa Chuo Kikuu cha Iowa walivyofanya kwa maktaba yao ya eGranary. Tuliweka programu ya Kiwix, na Wikipedia yote ya Kiswahili ikaingia ikabakiza nafasi kubwa. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2012 huko Uingereza, zimerahisisha kazi hii mno. Ile ya chumba cha sayansi ni ya aina hiyo, nayo hutumia umeme kidogo kuliko balbu ya zamani. Diski ya mfumo katika seva kubwa sasa haizunguki kabisa. Hutumia kumbukumbu ya aina aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980. Ni ya kasi na haiogopi kutikiswa, ila ikifa hufa kimya, bila ule mlio wa kugonga uliokuwa ukituonya.

Orodha ya wanafunzi tunayo upya kuanzia 1992, pamoja na ile ya 1964 hadi 1971, na sasa imo katika diski tatu. Moja imo ndani ya seva. Ya pili imefungiwa katika sanduku la chuma la Mwalimu Mkuu. Ya tatu iko nyumbani kwa mweka hazina wetu, katika mji mwingine kabisa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanafunzi wa klabu ya kompyuta huzinakili, wawili wawili. Mmoja huandika amri na mwingine huisoma kwa sauti kabla haijabonyezwa. Aidha, kila mwezi wa Desemba orodha yote huchapishwa kwa karatasi na kujalidiwa.

Kwa miaka ile ishirini iliyopotea tunaendelea kuokoteza. Ndugu mmoja alileta picha ya bweni ya mwaka 1976, majina yote yameandikwa nyuma kwa penseli. Mwingine alileta ratiba ya zamu ya kufagia. Siku ya mkutano wetu nitakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango wa maktaba, kuanzia saa tatu asubuhi, pamoja na vijana wawili na mashine ya kupiga picha za karatasi. Mliosoma hapa kati ya 1972 na 1991, njooni na vyeti vyenu vya kuondoka, barua za kuitwa shuleni, picha, chochote chenye jina na tarehe. Karatasi zenyewe mtarudi nazo nyumbani.